Tunatoa changarawe, tunaweka mchanga kwenye tangi la samaki

Wapenzi watazamaji, karibuni tena sebuleni kwangu. Leo mtanivumilia na hii fulana kuukuu, maana kazi yenyewe ni ya ndoo na matope. Tangi mnaloliona hapa lina urefu wa sentimita 90, upana 45 na kimo 45. Chini lina changarawe, ile nyeusi na nyeupe ya dukani. Niliichagua mwenyewe kwa sababu inapendeza. Wenye nyumba hawakuulizwa.

Mdogo wangu, sogeza simu huku kwenye kona. Mnamwona huyo mwenye mistari? Huyo ni multi, jina la kitaalamu Neolamprologus multifasciatus, kwao ni Ziwa Tanganyika. Dume lenyewe ni la sentimita 5 hivi, basi. Huko ziwani wanaishi ndani ya maganda matupu ya konokono yaliyolala mchangani, na kutwa wanachimba: anachota mchanga kwa mdomo, anautema pembeni, mpaka ganda likae anavyotaka. Sasa mwangalieni. Ameng'ang'ania punje ya changarawe, anaivuta, imemshinda, ameiacha. Anairudia ileile. Nimemtazama hivi miezi minne, leo basi.

Tuanze na mchanga. Mimi nimechukua mchanga wa mtoni, ule laini mafundi wanaopigia lipu. Ukienda kuuchukua, angalia rundo lisiwe limechanganyika na saruji, kwa sababu saruji inapandisha vibaya sana pH, yaani kipimo cha asidi na alikali ya maji. Chekecha kwanza kwa wavu wa dirisha utoe vijiwe na mizizi. Punje nzuri ni za nusu milimita hadi milimita moja. Ukiwa kama unga utashikamana, na filta itauvuta. Wa ufukweni uache ulipo: una chumvi, na fukwe zetu zimeshaliwa na bahari vya kutosha.

Kipimo cha haraka ni siki. Weka mchanga mkavu kijiko kimoja kwenye kisahani, dondoshea siki. Ukitoa mapovu, una chokaa ya makombe, na utafanya maji yawe magumu. Kwa samaki wa Tanganyika hilo halina tatizo, maji magumu ndiyo ya kwao. Ukifuga samaki wa maji laini, tafuta mchanga mwingine.

Kiasi gani? Zidisha urefu, upana na kina cha mchanga kwa sentimita, kisha gawa kwa 1,000. Mimi nataka kina cha sentimita 4: 90 mara 45 mara 4 ni 16,200, yaani lita 16 na kidogo. Lita moja ya mchanga ina uzito wa kilo moja na nusu hivi, kwa hiyo ni kama kilo 25. Nimeleta ndoo moja na nusu, kwa sababu mwingine unapotea kwenye kuosha.

Na kuosha ndiko watu wanakochoka mapema. Jaza robo ya ndoo, si zaidi. Fungulia maji, ingiza mkono mpaka chini, koroga kama unasonga ugali wa msibani, mwaga maji ya juu. Mara ya kwanza ni chai ya maziwa. Mara ya tano bado ni chai. Huu hapa nimeuosha jana jioni mara 14, na sasa nikikoroga naviona vidole vyangu vyote vitano. Hapo ndipo pa kuacha. Sabuni usiiguse hata kidogo. Suuza ya mwisho nimetumia maji yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini.

Samaki sikuwapa chakula tangu jana, ili wasichafue maji wakiwa ndani ya ndoo. Sasa nachomoa kila kitu kwenye umeme: filta, hita, taa. Hita ikibaki inawaka nje ya maji inapasuka.

Nanyonya maji ya juu kwa mpira, nayaweka kwenye ndoo safi. Mpira ujaze maji kwanza, usivute kwa mdomo. Hapa nimepata ndoo nne za lita 20, ambazo ni karibu nusu ya tangi, na ndizo nitakazorudisha. Yatakayobaki chini siyataki, na baada ya muda mtaona kwa nini.

Kutoa multi msihangaike na wavu, akitishwa anaingia ndani ya ganda. Mwache aingie. Zamisha bakuli, weka ganda ndani yake huko huko chini ya maji, pandisha bakuli likiwa na maji na ganda na mwenyewe ndani. Usiliinue ganda peke yake hewani. Haya, mmoja... wawili... huyu ana watoto, taratibu. Wote wanaingia kwenye ndoo ya maji yao wenyewe, na pampu ya hewa inabubujisha. Juu nafunika kanga. Wakiwa gizani wanatulia, na hawaruki.

Filta nayo naihamishia kwenye ndoo nyingine ya maji ya tangi, naiwasha huko huko iendelee kufanya kazi. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kwenye ile sponji ya ndani yake wanaishi bakteria wanaobadilisha amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu nitrati, iliyo nafuu. Wengine wanaishi kwenye changarawe, na hao leo karibu wote tunawatupa. Kwa hiyo waliomo kwenye filta ndio akiba yako kubwa. Ukiisuuza sponji kwa maji ya bomba, klorini inawaua. Ukiiacha izimwe kwa saa nyingi, wanakosa oksijeni.

Mwaka juzi nilibadilisha tangi dogo la lita 60, na kwa kuwa nilikuwa nasafisha, nikaona na sponji niipeleke bombani, ing'ae. Siku ya tatu samaki wote wako juu wanahema. Nikamlaumu aliyeniuzia mchanga, nikampigia na simu, maskini. Mchanga haukuwa na kosa lolote.

Sasa changarawe. Natumia kizoleo kipya cha plastiki ambacho hakijawahi kuzoa takataka. Cha chuma kitachora kioo. Nazoa polepole, nayaacha maji yachuruzike, namimina kwenye ndoo. Sogeza simu hapa, waone. Haya maji meusi ni chakula kilichooza na kinyesi cha miezi. Watu wanafanya kazi hii samaki wakiwa bado wanaogelea humu, halafu wanashangaa wanakufa. Ukisikia harufu ya mayai viza, ni gesi iliyokaa chini mahali pasipo na hewa. Fungua madirisha, endelea.

Changarawe kidogo, viganja vitatu hivi, naitia kwenye soksi ndefu ya nailoni, naifunga fundo. Haitaoshwa. Itakaa ndani ya tangi jipya kwa wiki nne ikisambaza bakteria wake. Matope yaliyobaki nayavuta kwa mpira na kufuta kwa sponji mpya. Maji haya nayapeleka kwenye mgomba, nao unayapenda kweli. Na tafadhali, tangi lisisukumwe wala kuinuliwa likiwa na maji, gundi ya pembeni itaachia.

Kabla ya mchanga, mawe. Mawe yanakaa chini kabisa, juu ya kipande chembamba cha plastiki ili yasikwaruze kioo. Ukiyaweka juu ya mchanga, hawa wachimbaji watachimba chini yake, siku moja jiwe linashuka juu ya samaki au juu ya kioo. Tikisa kila jiwe kwa mkono. Likicheza, lipange upya.

Mchanga sasa. Usiumwage, ushushe kwa bakuli, usawazishe kwa kiganja. Halafu naweka sahani ya udongo juu yake, narudisha yale maji ya akiba nikiyamimina kwenye sahani, kidogokidogo, kama unavyomnawisha mgeni mikono. Yanayopungua naongezea mapya yenye dawa ya kuondoa klorini, joto lilelile.

Yamekuwa na ukungu, eeh. Hiyo ni kawaida. Subirini nusu saa mchanga ukae, ndipo filta irudi, na mdomo wake wa kuvutia upandishwe sentimita 10 hivi juu ya mchanga. Punje zikiingia kwenye mota zinaila. Nimeongeza pamba nyeupe ya filta ikamate vumbi. Kesho naitupa.

Samaki nawazoesha kwanza: kikombe cha maji ya tangi kwenye ndoo yao kila dakika 5, kwa nusu saa. Kisha maganda yanarudi vilevile, chini ya maji, mdomo ukielekea juu kwanza ili hewa ikiwemo itoke.

Leo hawali. Wiki nzima watakula nusu ya kawaida. Napima amonia na nitriti kila baada ya siku moja kwa wiki mbili, na amonia ikifika miligramu 0.25 kwa lita nabadilisha robo ya maji siku hiyo hiyo. Kwa maji ya Tanganyika msichukulie poa: kwenye pH 8.5 sehemu ya amonia iliyo sumu ni zaidi ya mara 20 ya ile ya kwenye pH 7. Kipimo kileile ambacho kwa samaki wengine ni kidogo, kwa hawa ni hatari.

Usafi wa baadaye ni rahisi kuliko zamani. Uchafu hauzami tena, unakaa juu. Mpira unaupitisha sentimita moja au mbili juu ya mchanga, hauuzamishi. Sehemu ambazo samaki hawachimbi, ziguse kwa kijiti cha mshikaki mara moja kwa wiki, gesi isijikusanye.

Ngoja, ngoja, usizime simu. Kona ileile. Ametoka. Amechota... mdomo umejaa mpaka mashavu... na ameutema mlangoni kwa jirani. Jirani naye katoka, anaurudisha.