Neno la Mdomo Halikatiwi Rufaa

(Mhadhara uliotolewa Malindi mbele ya watu wenye ulemavu, jamaa zao na wafanyakazi wa mashamba ya chumvi)

Asalaam aleikum, na wenzetu wa salamu nyingine, hamjambo. Ahsanteni kwa kufika, hasa nyinyi wa Gongoni na Marereni. Najua nauli ya huko, na najua makondakta wengine wakiona kiti cha magurudumu hutazama upande wa pili. Mkalimani wetu wa lugha ya ishara akiinua mkono nitapunguza mwendo. Nisipopunguza, nikemeeni.

Nimeitwa nizungumze kuhusu wakili: mtu aliyenyimwa haki yake ya ulemavu ampate wapi, na amlipe nini. Nitafika huko. Lakini wengi wanaotujia wakilia kwamba wamekataliwa, nikiwauliza barua iko wapi, husema, "Niliambiwa tu." Na nani? "Na yule aliyekuwa mezani." Hapo hata wakili awe bingwa vipi, hana pa kushika. Rufaa hukatwa dhidi ya uamuzi, na uamuzi wa mdomo, kesho aliyeutoa atasema hakukuona.

Basi kazi ya kwanza ni kuufanya uamuzi huo uwe karatasi. Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema haki yako ikiguswa na uamuzi wa ofisi, upewe sababu kwa maandishi. Sheria iliyotungwa mwaka 2015 kukitekeleza inaipa ofisi miezi mitatu kujibu tangu ipokee ombi lako. Isipojibu, sheria inauchukulia uamuzi huo kuwa haukuwa na sababu nzuri, mpaka ofisi yenyewe ithibitishe vingine. Kwa hiyo hata kimya chao kinakufaa, mradi una ushahidi kwamba uliuliza.

Ushahidi wenyewe ni huu niliouinua. Karatasi moja. Juu kuna jina kama lilivyo kwenye kipande, yaani kitambulisho, namba ya kipande, na namba ya kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu kama unayo. Chini, mistari mitatu: tarehe fulani niliomba kitu fulani, nimeambiwa sitapata, naomba sababu kwa maandishi. Asiyejua kuandika aandikiwe, aweke kidole. Utoe nakala mbili. Moja waachie wao, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Karani akikataa kugonga muhuri, usigombane naye. Itume kwa rejista ya posta, uweke risiti. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na madai ni mali.

Sasa, madai gani? Hapa watu huchanganya sana. Kuna anayedhani akipata kadi ya ulemavu, pesa za Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, zitafuata zenyewe. Hazifuati. Zile shilingi 2,000 kwa mwezi ni za mtu mwenye ulemavu mkubwa, anayehitaji kuangaliwa na mwingine wakati wote, tena katika nyumba maskini. Bwana wa mguu mmoja anayeuza samaki sokoni ana kadi halali kabisa, na bado kwa masharti ya mpango ule anaweza kukosa. Huyo nikimwambia aende kwa wakili nitakuwa namlia pesa. Lakini aliyelala kitandani na jina lake likarukwa, huyo ana kesi. Aanze kwa afisa wa ustawi wa jamii wa kaunti ndogo. Akizungushwa, alalamike kwa Tume ya Haki ya Kiutawala, isiyotoza hata senti. Mahakama ije mwisho, kwa sababu ile sheria ya 2015 yamtaka mtu amalize kwanza njia za malalamiko zilizo ndani ya ofisi. Ukiruka, jaji atakurudisha, na gharama umeshaingia.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo ina malipo kwa mwanachama aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi. Wenye swali hilo waje na taarifa ya michango yao, maana bila hiyo tutapiga porojo.

Nataka nikae zaidi kwenye ajali za kazini, kwa kuwa nawaona hapa watu wa chumvi. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ni ya mwaka 2007. Ukiumia, mwajiri aambiwe mara moja, hata kwa mdomo, ingawa mnajua nasemaje kuhusu mdomo. Yeye ana siku 7 kumpelekea taarifa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kwa fomu ya DOSH/WIBA 1. Madai yawe yamepelekwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Nasikia watu wakisema, "Bosi alisema ngoja kwanza upone." Haya, pona, lakini miezi inahesabiwa.

Jambo linalowapita wengi ni sehemu ya daktari kwenye ile fomu. Pale huandikwa asilimia ya ulemavu uliobaki. Ulemavu kamili wa kudumu hufidiwa kwa mapato ya miezi 96. Tuseme kijana analipwa 15,000 kwa mwezi, mkono ukanaswa na mashine. Miezi 96 ni shilingi 1,440,000. Daktari akiandika asilimia 10, kijana ana 144,000. Akiandika 30, ana 432,000. Tofauti hiyo yote imo kwenye tarakimu moja, tena pengine imeandikwa haraka haraka kwenye foleni ya asubuhi. Kwa hiyo omba nakala, isome kabla haijaondoka, na kama haikubaliani na mkono wako ulivyo, tafuta ripoti ya daktari wa pili.

Uamuzi wa Mkurugenzi usipokuridhisha, una siku 60 kupeleka pingamizi kwake mwenyewe. Anatakiwa akujibu ndani ya siku 14. Jibu likiwa baya, una siku 30 kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na jaji wake anaketi papa hapa Malindi. Mwisho wa 2019 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba madai haya huanzia kwa Mkurugenzi. Wakili akikuambia atakimbia moja kwa moja mahakamani kumshtaki mwajiri, muulize kwa nini.

Kibarua asiye na barua ya kazi? Mkataba wa mdomo ni mkataba. Shida ni kuuthibitisha: ujumbe wa M-Pesa wa malipo, picha ukiwa kazini, wenzako wawili walio tayari kutia sahihi. Mvuvi anayegawana samaki na nahodha yuko pagumu zaidi, maana mgao si mshahara, na sitamdanganya.

Haya, wakili. Ndugu mmoja ameuliza kwa nini huku hatuna wale wa Marekani tunaowaona kwenye simu, wanaosema hulipi mpaka ushinde. Kule ni kweli: katika madai ya ulemavu ya serikali kuu, wakili kwa kawaida huchukua asilimia 25 ya malimbikizo ya malipo, isizidi kiwango kilichowekwa, ambacho mwishoni mwa 2024 kilipandishwa hadi dola 9,200. Kwetu Sheria ya Mawakili haikubali mapatano ya kulipwa ukishinda tu katika kesi. Kwa hiyo broka anayesimama nje ya hospitali akitaka theluthi ya fidia yako si wakili, na kama ni wakili basi ana neno la kujibu. Jina lake litafutwe katika orodha ya Chama cha Mawakili: awe na cheti cha mwaka huu.

Asiye na uwezo aombe kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016. Shirika la Kituo cha Sheria lina ofisi Mombasa, na akina mama wana FIDA, chama cha mawakili wanawake, huko huko. Nendeni mapema. Wakili anayepewa faili siku ya 58 kati ya zile 60 za pingamizi atakimbizana na tarehe badala ya kuisoma kesi.

Mama wa nyuma pale ameuliza kuhusu mwanawe mtu mzima asiyeweza kujieleza: nani atie sahihi? Mama, Kifungu cha 22 cha Katiba kinaruhusu mtu kwenda mahakamani kudai haki za msingi kwa niaba ya asiyeweza kujitetea mwenyewe. Kwa hiyo mlango uko wazi kwako. Kwa benki na fedha zake ni habari nyingine, panaweza kuhitajika amri ya mahakama, na hilo tutaliangalia ukiwa na karatasi zake mkononi.

Walio na barua ya uamuzi wapite kwanza meza ya dirishani, wenye tarehe ya karibu mbele. Walioambiwa kwa mdomo waje kwangu, kalamu ipo.