Dafu, koroma na nazi iliyoota: mhadhara wa uzazi na mgawanyiko wa seli

Mnanisikia huko nyuma? Haya. Naona mnakiangalia hiki kikapu mnajiuliza huyu kaja kufundisha au kaja kuuza. Leo sina projekta, umeme wenyewe si mnaujua, kwa hiyo nimebeba dafu moja, koroma moja na nazi moja iliyoota, na hivi vitatu vinatosha kuelezea uzazi wa mimea na wa binadamu pamoja na ule mgawanyiko wa seli ambao form three tulikariri profezi metafezi anafezi telofezi hata hatujui tunakariri nini.

Nani hapa kakulia shambani? Mama, nitajie mnazi unavyozaa. Upunga... enhe, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Mnaona? Majina sita kwa tunda moja! Embe halina hiyo heshima. Mwaka mzima hivi, toka upunga mpaka nazi kavu, wazee walikuwa wanalifuatilia tunda kama kliniki inavyofuatilia mimba, sisi leo tunachungulia tu ndani kuona kila jina lina kazi gani.

Karara, lile ganda linalofunika maua, likipasuka upunga unatoka nje, na ukiuangalia vizuri vile vidogo vingi vilivyojaa kwenye vitawi ni maua ya kiume, ya kike ni machache, makubwa, ya mviringo, yamekaa chini kabisa ya kitawi. Kwa hiyo mnazi mmoja ni baba na ni mama. Ila minazi mirefu ina adabu zake, maua ya kiume yanafunguka na kumaliza kazi kabla ya ya kike hayajawa tayari, hivo chavua, ule unga wa ua la kiume, mara nyingi inatoka mti wa jirani, inaletwa na nyuki na upepo. Vitamli, ile mifupi, haisubiri jirani, mara nyingi inajichavusha yenyewe.

Sasa hesabu. Seli ya kawaida ya mnazi ina kromosomu 32, yaani zile nyuzi zinazobeba urithi, yako wewe ina 46. Kama chavua ingekuja na 32 na yai lina 32 mtoto angekuwa na 64, mjukuu 128, tungeishia wapi? Ndo maana kuna migawanyiko ya aina mbili, na hapa kina mama nisaidieni kwa kanga zenu. Kabla seli haijagawanyika kila kromosomu inajitengenezea kopi, na zile kopi mbili zinabaki zimeshikana, kama doti ya kanga ukiitoa dukani haijakatwa, vipande viwili, rangi moja, jina moja. Mitosisi ni kuzipanga doti zote katikati ya seli na kuzikata, kila seli mpya inaondoka na kipande kimoja cha kila doti. Basi. Kidonda kinachopona, kucha, mzizi unaorefuka, yote hiyo ni mitosisi.

Meiosisi, ile ya kutengeneza mbegu na mayai, iko tofauti kidogo na hapa ndo watoto wanapotea kwenye mtihani. Doti iliyotoka kwa mama inakaa ubavuni mwa mwenzake iliyotoka kwa baba, zinabadilishana vipande, yaani pindo la huyu linaenda kwa yule, afu zinaachana, doti moja huku nyingine kule, ndipo baadaye kila doti inakatwa. Seli moja inazaa nne, kila moja na nusu ya hesabu, 16 kwa mnazi, 23 kwako. Na nani aende upande gani ni bahati nasibu, kwa jozi 23 tu bila hata kuhesabu pindo zilizobadilishwa unapata michanganyiko zaidi ya milioni 8 kwa mzazi mmoja, usishangae ndugu wa tumbo moja mmoja mrefu mwingine kama mimi.

Halafu wanaume wanatengeneza mbegu kila siku toka balehe, mwanamke hapana, mayai yake yanaanza kuandaliwa yeye mwenyewe akiwa bado tumboni. Kwa hiyo lile yai lililokutoa wewe lilianzia ndani ya tumbo la bibi yako. Na jambo moja niliseme nikiwa nimesimama hivi hivi: kromosomu zinazoamua jinsia ni X na Y, XX ni binti, XY ni mvulana, na yai la mama lina X tu siku zote, anayeleta X au Y ni baba. Wale wanaomrudisha mke kwao kisa kazaa mabinti watano wamekosea mtu wa kumlaumu, na hata huyo baba mwenyewe mbegu hachagui.

Turudi kwenye kikapu. Mwaka 1898 Mrusi Sergei Navashin aligundua kitu kwenye maua ya jamii ya yungiyungi: chavua inaleta mbegu mbili, sio moja. Moja inaungana na yai, huyo ndo mtoto. Ya pili inaungana na viini viwili vingine vilivyoko hapo hapo, 16 na 16 na 16, jumla 48, na hicho cha 48 ndo chakula cha mtoto, kinaitwa endospemu. Kwa mnazi, endospemu ni dafu lenyewe! Tunachokunywa hapa ni mfuko wa chakula wa mtoto wa mtu.

Na inavyokua inachekesha. Kwenye kitale viini vinagawanyika, vinagawanyika, bila seli kujenga kuta, familia nzima inazaliana ukumbini hakuna hata chumba kimoja. Baadaye vinajisogeza pembeni na kuanza kujenga kuta, hapo ndo unapata ile nyama laini ya kukomba kwa kijiko cha kumbi, na inaanzia upande wa mbali na kikonyo. Ikikomaa inakuwa ngumu, ndo koroma, ndo nazi ya kukuna.

Maji yenyewe yana homoni zinazochochea seli kugawanyika. Mwaka 1958 Frederick Steward wa Chuo Kikuu cha Cornell alionyesha seli za karoti zikilelewa kwenye maji ya nazi zinavyoweza kukua mpaka mmea mzima. Dada ananiuliza kwa hiyo mjamzito akinywa madafu mtoto anatoka mweupe? Hapana dada, rangi ilishapangwa kwenye zile doti. Anywe tu, ni matamu.

Mtoto wa binadamu yeye hana dafu lake. Yai linarutubishwa kwenye mrija, linagawanyika mbili, nne, nane, mitosisi tupu, huku linasafiri, likila akiba ndogo aliyoacha mama, na kama wiki moja hivi linajishika kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi na kuanza kutengeneza kondo, maana bila kondo atakufa njaa.

Na mnazi nao una kitu kama kondo. Subirini nivunje hii iliyoota... haya. Angalieni macho matatu, mawili magumu, moja laini, mtoto alikuwa amelala chini ya hilo laini, kadogo sana, na shina limetokea hapo hapo. Huku ndani maji yamekwisha, kuna hili dude jeupe kama sponji. Joya! Hili ni jani la kwanza la mtoto, halijawahi kuona jua, limeingia ndani linanyonya nyama ya nazi na kuipeleka kwenye chipukizi. Shika, libonyeze. Usile kwanza, lipitishe kwa wenzio waone, maana nimeleta moja tu.