Kuchagua risasi za bunduki ya leva kwa uwindaji: maelekezo kutoka Tabora

Habari zenu, ndugu watazamaji. Karibuni mezani, hapa Tabora mjini. Kabla sijaeleza chochote, tazameni mikono yangu. Navuta leva, huu mkono wa chuma ulio chini ya kifyatulio, chini mpaka mwisho. Natazama chemba, mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, halafu naingiza kidole humo kuhakikisha. Nachungulia pia mlango wa magazini, yaani hifadhi ya risasi. Tupu. Bunduki hii huficha risasi kwenye bomba lililolala chini ya mtutu, kwa hiyo ukiona chemba haina kitu usiseme bunduki haina kitu. Na hizi risasi zilizopangwa kwenye kitambaa ni za mafunzo, hazina baruti wala fataki ya kuiwasha.

Somo hili nawapa wenye bunduki kihalali, na hasa nyinyi vijana mnaofanya kazi kwenye kambi za uwindaji. Wageni kutoka Marekani wanaopenda leva huja nazo, tena mara nyingi na risasi walizojaza wenyewe nyumbani kwao, yaani maganda waliyoyatia fataki, baruti na kichwa (kile kipande kinachoruka) upya. Wewe ndiye utakayekuwa hatua mbili nyuma ya mgeni porini, kwa hiyo ni lazima ujue amebeba nini. Kwa upande wetu, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haichezewi: usijaze risasi bila kibali. Leo tunajifunza kuchagua na kukagua.

Hatua ya kwanza, soma mtutu. Sogeza kamera hapa, mdogo wangu. Mnaona maandishi haya? .30-30 Winchester. Risasi hii ilitoka mwaka 1895 kwa ajili ya bunduki ya Winchester Model 1894 aliyoibuni John Browning, na mpaka leo ipo. Maandishi ya mtutuni na ya kwenye kitako cha ganda yafanane. Yasipofanana, weka pembeni, hakuna mjadala.

Hatua ya pili ndiyo roho ya somo. Tazama magazini kabla hujamfikiria mnyama. Nachukua risasi mbili, nazilaza moja nyuma ya nyingine kama zinavyokaa ndani ya bomba. Sogea karibu zaidi. Ncha ya hii ya nyuma inagusa wapi? Inagusa fataki ya iliyo mbele yake, kile kiduara cha katikati ya kitako. Sasa fikiria bunduki inapiga teke, risasi zote zinasukumana kwa nguvu. Ncha ikiwa kali na ngumu, inaweza kuwa pini ya kufyatulia, na risasi ikalipuka ndani ya bomba, mahali pale pale ulipoweka mkono wako wa kushoto. Ndiyo maana leva ya bomba hulishwa vichwa bapa, au vya mviringo vyenye ncha pana. Kampuni ya Hornady walitengeneza risasi za LEVERevolution zenye ncha kali ya plastiki laini inayobonyea, hizo ziliundwa kwa kazi hii. Ncha kali ya shaba, au ya madini ya risasi yasiyofunikwa, hapana, hata kama mgeni anakuambia amezitumia miaka mingi.

Leva zote si za bomba, lakini. Winchester Model 1895 ina magazini ya sanduku, risasi zinakaa moja juu ya nyingine, na ncha kali haina tatizo. Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alikuja nayo Afrika Mashariki mwaka 1909, ya .405. Browning BLR nayo ni ya sanduku. Uliza, tazama, usikisie.

Hatua ya tatu, mnyama. Kwa .30-30 vichwa vya kawaida ni vya greini 150 na greini 170, yaani karibu gramu 9.7 na gramu 11. Kwenye miombo yetu mimi nachagua 170. Kinaondoka kwa kasi ya mita 670 hivi kwa sekunde, si haraka sana, lakini kinapenya vizuri na hakiharibu nyama ovyo. Kinatosha kwa pongo, tohe, swala na ngiri. Kongoni ni mkubwa na mgumu kufa; hapo nataka awe karibu, amesimama ubavu, na mpigaji awe ametulia. Korongo (yule swala mkubwa, si ndege) na palahala nisingewapiga kwa .30-30. Na nyati usimtaje kabisa mbele ya bunduki hii: kanuni zinataka kipenyo kisichopungua inchi .375 kwa wanyama hatari. Leva ya .45-70 inavuka kipenyo hicho, na vichwa vyake vya greini 300 hadi 405 ni vizito kweli, ila kwa nyati lazima kiwe kigumu, bapa mbele, kisichofumuka mapema, na mwindaji bingwa ndiye mwenye neno la mwisho.

Hatua ya nne, umbali. Kichwa bapa hupoteza kasi upesi. Ukilenga .30-30 sawasawa kwa mita 100, kwenye mita 200 risasi imeshuka zaidi ya sentimita 20. Porini Sikonge miti yenyewe haikupi nafasi ya mita 200 mara nyingi, kwa hiyo si hasara. Kwenye mbuga, nyasi zikishaungua, hapo ndipo watu hushawishika kupiga mbali. Nyata usogee.

Hatua ya tano, risasi za kujazwa nyumbani. Toa moja, izungushe polepole kwenye mwanga. Mdomo wa ganda uwe umebanwa ndani ya mfereji mdogo uliokatwa kuzunguka kichwa. Bonyeza kichwa kwenye ukingo wa meza, hivi. Kikizama hata kidogo, kataa sanduku zima. Springi ya magazini na teke la bunduki vitakizamisha zaidi, na kichwa kikizama, presha ndani ya ganda hupanda. Angalia pia urefu: .30-30 nzima isizidi milimita 64.8, la sivyo itakwama njiani. Chunguza ganda karibu na kitako. Ukiona mstari unaong'aa umelizunguka, ganda limechoka na linaweza kukatika. Leva nyingi za zamani hufungia nyuma, kwa hiyo maganda yake hunyooka upesi yakijazwa mara kwa mara.

Jambo la mwisho la kukagua halionekani kwa macho, nalo ni joto. Mgeni amejaza risasi kwao wakati wa baridi, akaweka baruti mpaka kikomo. Kaja hapa Oktoba, sanduku limeshinda kwenye dashibodi ya Land Cruiser, chuma hakishikiki. Baruti nyingi zikipata moto hutoa presha kubwa kuliko ile aliyoipima. Mwombe aje na risasi zilizo chini ya kikomo, na ziwekwe kivulini ndani ya mfuko. Mkumbushe mapema pia kwamba kwenye ndege anaruhusiwa kilo 5 tu za risasi.

Hatua ya sita, uwanjani kabla ya msitu. Kibali cha TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, kiwe mkononi, na mipaka muijue. Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla tangu 2019 si pa kuwinda. Zipitishe kwenye chemba risasi zote mtakazobeba, mtutu ukielekea kwenye kichuguu au ukuta wa udongo, kidole mbali na kifyatulio. Kisha mgeni apige kwenye shabaha. Okota kila ganda. Fataki ikiwa imesagika bapa mpaka kingo zimepotea, au leva ikigoma kufunguka baada ya mlio, ni dalili ya presha kubwa mno, simamisha. Usiigonge leva kwa gogo wala kwa buti. Subiri ipoe, mtutu ukiwa bado umeelekea kwenye udongo, ifungue taratibu, na sanduku lile lisirudi kwenye gari la kuwindia. Atumie za kiwandani.