Poka kwa anayeanza: usitazame karata zako tu

Karibu. Leo tunacheza Texas Hold'em, maana ndiyo poka utakayoikuta kwenye meza nyingi. Chukua karata 52, majoka weka kando.

Wawili walio kushoto kwa mgawaji wanatoa dau la lazima kabla hawajaona kitu: wa kwanza dogo, wa pili kwa kawaida mara mbili yake. Sasa gawa, kila mtu karata mbili, kifudifudi. Tazama ninavyochungulia: viganja vimefunika, kidole gumba kinainua pembe tu. Ukiinua karata nzima, jirani kashaiona.

Zamu yako ikifika, fuata dau, lipandishe, au tupa karata. Kutupa si aibu. Mimi natupa zaidi ya ninavyocheza. Baada ya raundi ya kwanza, kama hakuna aliyeweka dau, gonga meza upite bure.

Mgawaji anafungua tatu katikati. Hiyo ndiyo flopu. Dau. Ya nne, dau. Ya tano, riva, dau la mwisho. Hizo ni za wote, nawe unaunda tano bora kutoka kwenye saba: zako mbili na za mezani.

Nguvu zake, kuanzia chini: karata kubwa, jozi, jozi mbili, tatu za namba ileile, tano zinazofuatana, tano za aina moja (kopa tupu, kwa mfano), tatu na jozi, nne za namba ileile, na juu kabisa tano zinazofuatana za aina moja. Kwa nini kopa tano zizishinde zinazofuatana? Ni uhaba tu: mikono, yaani seti za karata tano, ya aina moja ipo 5,108, ya kufuatana 10,200.

Sasa njoo karibu. Nina ree ya shupaza na ree ya pau. Mkono mtamu, napandisha, wawili wananifuata. Flopu: saba, nane, tisa, zote kopa. Hapo mgeni hutabasamu bado. Karata ya nne: mbili ya kopa. Sina kopa hata moja, na yeyote mwenye moja tu mkononi keshatimiza tano. Yule wa kulia, aliyekuwa kimya muda wote, anasukuma dau kubwa. Huenda anapiga mkwara, poka inaruhusu. Lakini wa pili naye kamfuata bila kusita.

Natupa. Ndiyo, ree zote mbili. Changanya, gawa upya.