Mabibo Yanayooza Chini ya Mikorosho

MPWA: Shikamoo mjomba.

MJOMBA: Marahaba mwanangu. Za Mikindani?

MPWA: Njema, ila jua limekaza. Wasikilizaji, karibuni tena barazani. Mjomba kashuka leo kutoka Tandahimba na ndoo yenye mfuniko. Nimeifunua, nikaifunika haraka. Mjomba, waambie kuna nini humo.

MJOMBA: Mabuu. Kilo tatu hivi, wazima.

MPWA: Mtaani wanasema funza.

MJOMBA: Wanasema, na hilo jina limetusumbua sana kijijini. Ukimwambia mama mwenye watoto wadogo kwamba unafuga funza, anafikiria wale wanaoingia kwenye vidole vya miguu. Wale ni tekenya, mdudu mwingine kabisa. Hawa ni watoto wa nzi mmoja mweusi, mrefu, mwembamba. Akipita utadhani nyigu. Ncha za miguu yake ni nyeupe. Wataalamu wanamwita nzi askari mweusi. Asili yake ni Amerika, lakini kwetu yupo siku nyingi, nenda tu pale panapotupwa maganda utamkuta.

MPWA: Na haleti kipindupindu kama nzi wa kawaida?

MJOMBA: Nzi wa nyumbani anatua chooni, kisha anatua kwenye ugali. Huyu hana shida na ugali wako. Hang'ati. Akishaota mbawa hali chakula, anaishi kwa mafuta aliyojiwekea alipokuwa buu. Ana wiki moja hivi: atafute mwenza juani, atage, afe. Jike mmoja anataga mayai 500 na zaidi kwa mkupuo. Tena mabuu yake yakishatawala lundo la taka, nzi wa nyumbani hawapendi kutaga hapo.

MPWA: Kwa hiyo kula kote kunafanyika akiwa buu.

MJOMBA: Kote. Yai linaanguliwa kama siku ya nne. Kuanzia hapo ni wiki mbili za kula usiku na mchana. Akishiba anageuka mweusi, anaacha chakula, anatambaa kutafuta pakavu ajifiche awe nzi. Ukishajua tabia hiyo ya kutambaa, kumvuna hakukusumbui: unaweka ubao wa kupanda kwenye ukingo wa beseni, wanatoka wenyewe na kudondokea kwenye ndoo.

MPWA: Sasa twende kwenye mabibo, maana ndiyo yaliyokufikisha huku.

MJOMBA: Mwanangu, mimi nimezaliwa chini ya mkorosho. Kila mwaka kuanzia Oktoba tunaokota, tunanyonyoa korosho, bibo tunaliacha pale pale. Kilo moja ya korosho ghafi inaacha kilo tano za mabibo, pengine hata kumi. Msimu wa 2017/18 nchi hii ilivuna zaidi ya tani laki 3 za korosho. Piga hesabu ya mabibo.

MPWA: Tani milioni moja na nusu, kwa uchache.

MJOMBA: Na sehemu kubwa ni huku kwetu, Mtwara na Lindi. Kidogo tunakamua uraka, ile pombe ya mabibo, kidogo tunakausha. Watu wa Naliendele, kile kituo cha utafiti wa korosho, wamefundisha juisi na jemu, kazi nzuri, lakini bibo halisubiri. Leo limeanguka, kesho linachacha. Yaliyobaki yanaoza, na harufu ile unaijua. Halafu Januari mtu yule yule anakopa hela ya pumba na dagaa za kuku, na mahindi yake ni ya njano kwa sababu mchanga wetu umechoka. Hilo linaniumiza. Chakula cha kuku na mbolea vilikuwa chini ya miguu yake.

MPWA: Mkaanza.

MJOMBA: Tukaanza, watu 12, na msimu wa kwanza tulishindwa. Tulijaza mabibo matupu kwenye mabeseni, tukamwaga vibuu juu. Bibo ni maji. Siku ya tatu chini kulikuwa na rojo, inanuka pombe, mabuu hayana pa kuvuta hewa. Usiku yakahama. Asubuhi jirani yetu mmoja aliyakuta jikoni, kwenye kinu, hadi kwenye ndoo ya maji. Alilia yule mama. Tulikwenda kumwomba radhi, watu wote 12, na tulifagia nyumba yake sisi wenyewe.

MPWA: Pole yake. Mlirekebishaje?

MJOMBA: Tulijifunza kukamua kwanza. Juisi ina njia yake, mabuu wapewe machicha. Kisha tunachanganya na pumba za mahindi au maganda ya muhogo yaliyokatwakatwa. Kipimo ni ngumi: chota, minya. Matone machache yakitoka kati ya vidole, sawa. Maji yakichuruzika, ongeza pumba. Yasipotoka kabisa, nyunyiza maji. Mama mmoja kwenye kikundi hata haminyi tena, anatia mkono tu anakwambia.

MPWA: Na siyo kila taka inafaa. Mimi nilijaribu majani makavu ya mkorosho, hayakuguswa.

MJOMBA: Buu hawezi vitu vigumu. Majani makavu, magunzi, makumbi ya nazi, hivyo peleka kwenye lundo la mboji la kawaida. Maganda ya korosho usithubutu kuyatia, mafuta yake yanaunguza ngozi ya mtu, seuze mdudu. Matumbo ya samaki anakula vizuri, ila yachanganye na yafukie ndani. Betri, plastiki, dawa za kupulizia, hapana. Na kama mabuu ni ya kulisha kuku, usiwape kinyesi cha binadamu wala mzoga.

MPWA: Kuna jambo uliniambia kwenye simu, la chandarua. Lisimulie, maana nadhani wengi watalikosea.

MJOMBA: Ah. Nzi wakubwa wanahitaji kizimba chenye mwanga wa jua ili wapandane, na ndani yake vipande vya mbao vilivyofungwa pamoja vikiacha nyufa, maana jike anataga kwenye ufa mkavu ulio karibu na kitu kinachonuka. Sisi tukachukua chandarua cha kitandani. Tukashona vizuri, tukawatia nzi tuliowangoja mwezi mzima. Jioni wote wamelala chali. Nikafikiri ugonjwa.

MPWA: Kumbe dawa.

MJOMBA: Dawa ya mbu imo kwenye nyuzi zenyewe. Inaua mbu, itamwachaje nzi? Na hata hivyo chandarua ni cha kumlinda mtoto na malaria, mahali pake ni kitandani.

MPWA: Mjomba, wasikilizaji watauliza: hii inafaa kila mtu afanye kwake, au kikundi?

MJOMBA: Mimi naona vyote viwili, lakini kwa kugawana. Kizimba cha nzi kiwe kimoja kijijini. Kulea nzi kunataka jicho la kila siku, na mayai ni madogo mno: gramu moja ina mayai zaidi ya elfu 30. Kaya zikilea kila moja kivyake, hii ina mayai leo, ile itakosa wiki tatu. Kizimba kikiwa kimoja, kila kaya inachukua vibuu vya siku tano, inakwenda kuvilisha kwake.

MPWA: Na ugomvi? Maana kikundi bila ugomvi sijakiona.

MJOMBA: Ulikuwepo. Wenye kuku wengi walitaka mabuu yote. Wenye mashamba wakasema, mabibo ni yetu, mbona tunaondoka mikono mitupu? Tulikaa jioni mbili kwenye hilo. Tukakubaliana hivi: aliyeleta ndoo ya taka ana haki ya mbolea itakayobaki, aliyelea ana haki ya mabuu, na kizimba kinachukua fungu dogo la mabuu meusi ili nzi wasikatike. Kwenye daftari tunaandika ndoo, hatuandiki majina makubwa. Mpaka leo sharti hilo linatushika.

MPWA: Mimi ningewapa wafagiaji wa soko nao fungu. Wanabeba maganda ya ndizi na maembe kila asubuhi, na hakuna anayewahesabu.

MJOMBA: Hilo sikulifikiria. Nitalipeleka.

MPWA: Kuhusu kuku, wanaweza kula mabuu peke yake?

MJOMBA: Hapana. Buu kavu ana protini kama asilimia 40, na mafuta mengi. Anapunguza dagaa kwenye chakula, pumba na majani vinabaki. Yachemshe kidogo, anika juani, kisha changanya.

MPWA: Na mbolea?

MJOMBA: Hapa majira yanatusaidia mno. Mabibo ya Oktoba yanaliwa yakaisha mwanzoni mwa Novemba. Kinachobaki kinafanana na udongo mweusi, lakini usikimbilie kukitia shambani, kikiwa kibichi kinaweza kuunguza miche. Kifunike, kipoe wiki mbili tatu, kigeuze. Mvua ikishika Desemba, kiko tayari kwenda kwenye shimo la mahindi. Mwaka jana niliweka mkono mmoja kila shimo, upande mmoja wa shamba tu, ule mwingine nikauacha. Mke wangu ndiye aliyeniita nikaone.

MPWA: Mahindi?

MJOMBA: Kijani, hadi kiunoni. Upande wa pili hayajafika gotini.

MPWA: Ndoo hii unarudi nayo au unaniachia?

MJOMBA: Nakuachia, lakini usimwagie kuku yote. Yale yaliyogeuka meusi yatenge kwenye beseni lenye vumbi kavu la mbao, uyaweke gizani. Baada ya wiki mbili hivi utaanza kuona nzi.

MPWA: Na kizimba nishone kwa nini?

MJOMBA: Neti ya mapazia, mwanangu. Ile ya dukani, isiyo na dawa.