Octavia Butler na Mlango wa Uani

Asanteni. Najua wengi wenu mmemsikia Octavia Butler, mwandishi Mmarekani mweusi wa hadithi za kisayansi, kwa sifa moja: nabii. Kisa ni riwaya yake ya 1993, Parable of the Sower, inayoanza mwaka 2024, California imekauka na watu wamejifungia nyuma ya kuta. Sifa hiyo siipendi. Nabii huteremshiwa. Huyu alikata vipande vya magazeti, akakaa kitako, akaandika.

Alizaliwa Pasadena, California, mwaka 1947. Baba yake, mpiga viatu rangi, alifariki binti akiwa mdogo. Mama yake alifanya kazi za ndani katika nyumba za Wazungu, na mara nyingine alikwenda na mwanawe. Mtoto akamwona mama akiingilia mlango wa uani, akisemwa mbele ya macho yake kana kwamba hayupo. Akaona haya kwa kazi ya mama yake. Lishikeni hilo.

Maana mama huyohuyo ndiye aliyerudi nyumbani na vitabu vilivyotupwa na waajiri wake, akamnunulia taipureta binti wa miaka kumi mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma. Miaka miwili baadaye binti akatazama filamu moja mbovu ya viumbe wa Mars, akajiambia: hata mimi naweza kushinda hii.

Kushinda kulichukua muda! Aliosha vyombo, akauza bidhaa kwa simu, akakagua krispi za viazi. Saa nane usiku aliamka kuandika, kisha kukicha anakwenda kibaruani. Riwaya ya kwanza, Patternmaster, ilitoka 1976.

Sasa turudi uani. Chuoni alimsikia kijana mmoja mweusi akiwalaani wazee kwa unyenyekevu wao. Angewamaliza wote, alisema, ila ingebidi aanzie kwa wazazi wake. Butler akakumbuka ule mlango. Unyenyekevu ule ndio uliomlisha yeye. Akaamua kumchukua Mmarekani mweusi wa siku zetu na kumtupa nyuma enzi za utumwa, jimboni Maryland, aonje. Kwanza alijaribu mhusika mwanamume. Haikuwezekana: mwanamume mweusi anayemkazia macho bwana angeuawa kabla hajajifunza lolote. Ndipo akazaliwa mhusika mwanamke, Dana.

Butler akapanda basi la Greyhound kutoka California hadi Maryland kufanya utafiti. Alizuru pia Mount Vernon, makazi ya George Washington, na huko waongozaji wa wageni walisema “watumishi”. Neno “watumwa” halikuwatoka mdomoni.

Riwaya hiyo, Kindred, ilitoka 1979. Mashine ya kusafiria wakati haimo, sababu ya kisayansi haimo. Dana anashikwa na kizunguzungu, anajikuta mtoni. Mwishoni anarudi nyumbani, lakini mkono wake wa kushoto unabaki ukutani. Butler alisema hakuweza kumrejesha mzima.

Tuzo zilikuja: Hugo na Nebula, tuzo kuu za hadithi za kisayansi, na mwaka 1995 ruzuku ya MacArthur, ya Marekani kwa watu wenye vipaji, ya kwanza kwa mwandishi wa hadithi za kisayansi. Alifariki 2006, akiwa na miaka 58. Katika daftari la 1988 alikuwa amejiandikia kwamba vitabu vyake vitaingia orodha ya vinavyouzwa zaidi. Parable of the Sower iliingia orodha ya New York Times Septemba 2020.

Haya, dada uliyeinua mkono tangu nilipomtaja nabii, karibu. Naona umekuja kunipinga.