Ukuta Hautaki Maji, Mboga Inayataka

Assalamu alaykum, na habari za jioni. Ahsanteni kwa kuja na joto hili, hasa nyinyi mliokaa upande wa dirisha linalogoma kufunguka.

Nimeombwa nizungumzie nyumba ndogo ya vifaa vya asili, na namna mtu anavyoweza kulima chakula humo humo ndani. Nitaanza na ukuta niliojenga kwa mikono yangu, kisha nikaubomoa kwa mikono hiyo hiyo.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili na ua, fito na udongo, nimeikandika kama alivyokandika bibi yangu. Jirani akasema, "Fundi mzima, unajenga mbavu za mbwa?" Nikanyamaza. Chumba cha nyuma nikakifanya cha uyoga, ule wa mamama. Wanaolima wanaujua: unakata mabua ya mpunga au majani makavu ya mgomba, unayaloweka, unayachemsha, yakipoa unayapanga kwenye mifuko ya nailoni pamoja na mbegu. Kwanza unataka giza, hadi mfuko uwe mweupe wote. Kisha unataka hewa, na unyevu wa asilimia 80 hadi 90. Basi nikawa namwagia maji sakafu na kuta asubuhi, mchana na jioni.

Uyoga ukastawi, nikauza. Masika yalipopita, lipu ilianza kubanduka kutoka chini hadi usawa wa goti. Nikachokoa kwa kidole, udongo umelainika kama uji uliolala. Na fito zimeliwa, kwa sababu mchwa akikuta mti wenye unyevu hapigi hodi.

Ndipo nilipoelewa kazi yangu. Ukuta wa udongo hautaki maji, na mboga haiishi bila maji, nami nimeviweka chumba kimoja. Anayechora nyumba ya namna hii kazi yake kubwa ni kuamua maji yakae wapi. Mambo ya dirisha la duara au la mraba mtazungumza na wenzenu nyumbani.

Wazee wa pwani hii walilijua hilo. Tazameni nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, miji ambayo UNESCO imeiweka katika orodha ya urithi wa dunia, Zanzibar mwaka 2000 na Lamu 2001. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta huo hunywa unyevu, kisha huutoa polepole, kama mtungi unavyotoka jasho. Sasa anakuja mtu na mfuko wa saruji, anaupiga lipu ngumu, unang'aa. Unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inajijenga nyuma ya ile saruji, na siku moja lipu inaanguka na kipande cha jiwe. Mwenye nyumba anasema nyumba imechakaa, anaongeza saruji. Kazi ya kubandua saruji hizo ndiyo iliyonisomeshea watoto, sina ugomvi nayo sana.

Lakini sisemi chokaa haina lawama. Chokaa yetu ni matumbawe yaliyochomwa; mengine yanatoka baharini, na kuyachoma kunakula magogo mengi. Kwa hiyo mimi ukuta naujenga kwa udongo wa pale pale kiwanjani, chokaa naitia juu tu, nyembamba. Udongo mnaupima bila maabara: tia konzi mbili kwenye chupa ya maji, tikisa, acha hadi kesho. Mchanga unatua kwanza, udongo wa mfinyanzi mwisho. Mfinyanzi ukizidi ukuta utapasuka, ukipungua utamomonyoka.

Kuhusu udogo wa vyumba. Watu huuliza kwa nini vyumba vya nyumba zile za mawe ni virefu na vyembamba, upana kama mita 2.5 hadi 3. Sababu ni boriti. Mkoko haukupi mti mrefu ulionyooka wa kubeba dari zito la mawe na chokaa zaidi ya hapo. Majahazi yalipeleka boriti hizo Oman na Ghuba, na huko nako vyumba vya kale vimebanana vivyo hivyo. Mti ndio uliotoa kipimo, mwenye nyumba akakifuata. Sisi tunachora sebule ya mita 6 kwanza, halafu tunatafuta nondo.

Sasa mboga. Mchicha na sukuma havitaki maneno, vinataka mwanga. Ukiviweka chini ya upenu mrefu, na nyumba ya udongo lazima iwe na upenu mrefu, vitarefuka na kupauka. Nyumba ya Lamu ina kiwanda, ua wa ndani ulio wazi juu, na mwanga wote wa nyumba unaingilia hapo. Hapo ndipo pa kuweka gunia la udongo lenye nguzo ya kokoto katikati, miche imechomekwa ubavuni. Sakafu iteremke kutoka ukutani kwenda kwenye mfereji, na gunia likae mbali na ukuta, mtu aweze kupita na kufagia.

Na uyoga nimeuhamishia kibanda cha pembeni kisichogusa ukuta wa nyumba, msingi wa mawe futi mbili juu ya ardhi. Si kwa ajili ya ukuta peke yake. Uyoga uliokomaa unatoa vumbi laini sana, na vumbi hilo ukilivuta kila siku linaumiza mapafu. Usilale na uyoga chumba kimoja, hata ukiambiwa na nani.

Naona mkono. Ndiyo, mama.

(Mama mmoja aliuliza: yeye amepanga chumba kimoja ghorofani, hana ua wala kiwanda, afanye nini?)

Mama yangu, uyoga hapana, nimeshasema. Tafuta ndoo kuukuu, itoboe chini, weka sinia la kukinga maji, panda dania na vitunguu majani dirishani panapopata jua la asubuhi. Lile sinia usilisahau. Likifurika, maji yatateremka ukutani kwa aliyepanga chini yako, na huyo hatataka kusikia habari za dania.